Fundi Timazi na Ufa wa Ghorofa ya Tatu

Wafiwa na waombolezaji wenzetu, familia inawasomea maisha ya baba, mume na fundi mwashi ambaye wengi wenu mlimwita Timazi, kama ule uzi wa fundi wa kupimia unyoofu wa ukuta, kwa kuwa hakuvumilia ukuta uliopinda hata kwa unene wa ukucha.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa mshona viatu, akasoma hadi darasa la saba katika shule iliyo nyuma ya stesheni, mwaka 1978 akaingia chuo cha ufundi, na mwaka 1986 akawa miongoni mwa waliomwaga zege la jengo la ghorofa sita mkabala na posta, jengo la ofisi, lililopimwa kubeba meza, makabati na makarani.

Alifunga ndoa tarehe 2 Mei 1987 na muuguzi ambaye leo ni mjane, wakajaliwa mabinti wawili, na mkubwa ndiye anayewasomea haya.

Mwaka 2021 ofisi zilihama, jengo likageuzwa shamba la mboga, rafu juu ya rafu chini ya taa za zambarau, naye akaajiriwa kulitunza. Mwanzoni alilisifu, akitueleza kwamba saladi inakua bila udongo wala kusubiri mvua, inavunwa asubuhi na mchana iko sokoni, na mama alipomtania kwamba mboga isiyolijua jua ni kama mtu asiye na kwao, alicheka, akamaliza sahani.

Tarehe 6 Novemba 2023, baada ya matangi mapya ya maji kupandishwa ghorofa ya nne, aliona ufa kwenye nguzo ya ghorofa ya tatu, akatia alama za penseli kwenye ncha zake na tarehe kando, kama mafundi wafanyavyo, na kila Jumatatu ikabidi aongeze alama nyingine, maana ufa ulikuwa unatembea. Aliripoti mara tatu, meneja akamjibu kwamba ni lipu tu inakauka, naye akatuuliza mezani, "Lipu ya miaka thelathini na saba ndiyo inakauka leo?"

Presha ilimwangusha kazini tarehe 3 Machi 2024, akafariki hospitalini tarehe 8, saa nne asubuhi, madaktari wametueleza sababu, na hatuna shaka nao. Shaka yetu ni nyingine, kwamba tarehe 9, tulipokwenda kuchukua vifaa vyake, tuliikuta nguzo ile, peke yake katika ghorofa nzima, imepakwa rangi ambayo haijakauka, na wavunaji kumi na wanane wanaendelea na kazi kuizunguka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa aliyeipiga picha nguzo kabla ya rangi, ambaye hatutamtaja, na picha yenyewe iko kwa mkaguzi wa majengo tangu jana. Wajumbe wa kampuni ya shamba mlioketi safu ya pili, asanteni kwa shada, lakini kesho msimwingize mtu mle mpaka mkaguzi apande.

Pumzika kwa amani, baba. Sisi tutapumzika maji ya ghorofa ya nne yakishashushwa.