Vidonge vya Dada Yake Eufrazia

Ndani ya basi la Mtoni, mbele yangu, Bi Mwajabu aliyepakata unga wake wa yanga, ule wa mahindi ya njano, alikuwa akimkemea jirani yake wa kiti, Eufrazia.

“Dada yako anatibiwa kansa ya ovari, halafu unamwacha na maumivu? Mpe vidonge, mwanangu!”

“Anakataa, mama. Anasema maumivu hayaishi, yanahama. Marehemu mama alipotulia, yakamhamia yeye. Sasa ananikinga mie.”

“Upuuzi! Maumivu yana miguu?”

Basi zima lilisikia, likajifanya halisikii.

“Jana nilimbembeleza, akameza. Akalala fofofo.”

“Si umeona!”

Basi liliposimama, Eufrazia aliinuka polepole, ameshika tumbo chini ya kitovu.

“Alipolala tu,” alisema, “yakanianza mie.”