Joto Lilipofika kwa Mama Mkwe

Kijiwe chetu hapa Kitale ni benchi moja la mbao kando ya posho mill ya kusagia mahindi, na kahawa ya Kadija ndiyo hutugeuza wasomi. Mimi wananiita Pasipoti: nimekaa Juba, Kampala na Lubumbashi, nikarudi na tumbo tu. Jumamosi asubuhi akaja Viola, binti ya Absalom, anayesoma chuo. Uso umekunjamana kama shati la mtumba.

— Jumatatu naonyesha kazi yangu — akasema. — Kwa kompyuta, joto linatembea mpaka mwisho wa chuma. Kwa maabara, chuma chenyewe ni vipande viwili nimeviunga kwa bolti, na ule upande wa pili unakaa baridi. Nisipojua sababu, narudia mwaka.

Absalom tunamwita Hakimu, maana huamua kesi zisizomhusu.

— Joto limechoka, mwanangu. Mwenda pole hajikwai.

— Limeogopa — nikasema. — Huko Juba niliona joto likisimama nje ya ofisi mpaka lionyeshe kitambulisho.

Makokha, fundi wa bodaboda tunayemwita Spana, akacheka.

— Nyinyi wazee! Joto ni umbea, bana. Jirani anapatia jirani.

— Spana, hivyo ndivyo nilivyoandika! — Viola akaruka. — Ndani ya kompyuta kuna vijitu vimejipanga. Kila kimoja kinaangalia jirani tu. Jirani akiwa na kidogo, anapewa. Hakuna mkubwa wa kuamuru.

— Basi hiyo si Kenya — nikasema.

Hapo Viola akachukua bakuli la njugu la Mama Nabwile, anayeuza hapo kando, akanijazia mapajani. Mimi ndiye moto. Akampanga Hakimu, kisha Spana, na mwisho akamvuta Mama Nabwile mwenyewe aketi. Njugu zikaanza safari. Zikafika kwa Spana, zikarundikana.

— Spana, pitisha!

— Siwezi.

— Si jirani yako hana hata moja!

— Huyo si jirani. Huyo ni mama mkwe!

Kumbe! Spana alikuwa amebakisha tako moja kwa benchi, uso ukutani. Sisi watu wa Bungoma, mkono wa mkwe haugusi mkono wa mama mkwe, hata kwa sababu ya sayansi. Mama Nabwile naye amejifunika leso, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mwishowe Spana akaweka njugu moja kwa mbao katikati yao, akaondoa mkono. Mama akangoja. Akaiokota. Ikafuata nyingine, polepole.

— Ni hapo kwa bolti! — Viola akapiga kelele. — Vyuma viwili havigusani vizuri, na mimi niliandika kama ni chuma kimoja!

Akambusu baba yake kipara, akakimbilia kompyuta.

— Si nilisema? — Hakimu akajigamba. — Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mama mkwe.

Ndipo akafika Kipketer, dereva wa lori la mahindi kutoka Tongaren. Akaonja kikombe changu, akakunja uso.

— Pasipoti, hii kahawa mbona baridi?

— Imetoa joto — nikamjibu kitaalamu. — Imepatia jirani.

— Jirani gani?

Tukaangaliana. Hakimu akapapasa mapaja yake. Kadija akasema yeye hajapokea kitu. Spana naye, kwa kutafuta, nusura amtazame mama mkwe.