Papa Kitsa na vijiti vya korongoni

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ninaliandika hapa kwa sababu Ijumaa, tarehe 3 Julai 2026, Papa Kitsa anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika shule yetu ya Vulamba, na bila jambo hili wasifu wake wa kumuaga ungekuwa na uongo ndani.

Aliajiriwa mwaka 1995 kulinda mlango wa shule. Wakati huo korongo la nyuma ya madarasa mtu aliliruka bila kukimbia. Kisha nyumba za mabati zikajaa mlimani, mvua zikawa kali, na maji yote yakashukia kwetu. Korongo likala uwanja wa mpira, likabakiza hatua tisa kufika darasa la tano.

Hakuna aliyemtuma. Alichimba mitaro, akapanda majani ukingoni, na katikati yake akachomeka vijiti vibichi. Aliviita vyote wagonjwa wake. Kila asubuhi tulimsikia: "We mutoto, pita ku njia! Hapana kanyaga malade yangu!" Tukamwita Docteur, naye akaitika bila kucheka.

Miaka miwili iliyopita Mama alinituma kutafuta vijiti vya kupandishia maharagi. Vya Papa Kitsa vilikuwa vimenyooka vizuri. Nilidhani wagonjwa ni majani tu, na vijiti ni vya kuyazungushia. Niling'oa kumi na viwili.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huo, mvua ilipasua ukingo palepale nilipong'oa, ikabeba kona ya darasa la tano. Ilikuwa Jumapili, hakuna aliyeumia. Mkutanoni ilisemwa kwamba Docteur alipanda vibaya. Alijibu neno moja, "Nitarudilia," akachukua jembe. Tangu siku hiyo korongo halijasogea, na watu wa mlimani sasa wanachimba mitaro kama yake kila siku ya salongo, ya kazi za pamoja.

Papa Kitsa hakupanda vibaya. Vijiti niliving'oa mimi.

Papa, aksanti kwa darasa ambalo bado limesimama. Uende salama kwa binti yako, kule Kasindi, na mvua ikinyesha, ulale tu.

Vile vijiti vilichipuka shambani kwetu, sasa ni miti. Jumamosi iliyopita nilikata matawi kumi na mawili, nikayabeba hadi korongoni, nikayachomeka kuanzia pale mstari wake unapoishia. Nikayamwagilia. Sasa nampelekea préfet, mkuu wa shule yetu, karatasi hii, yenye jina langu.