Profesa Emerensiana Lyamba, Aliyewaacha Samaki Akaufuata Mpunga

Baba Paroko, watawa, viongozi wa serikali na wa chuo, wajomba na mashangazi, majirani wa Kasansa na nyie mliosafiri kutoka Karema, Kakese na Mpanda mjini, mimi naitwa Didace Lyamba, ndiye niliyemfuata marehemu kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nitasoma taratibu, na pale nitakaposhindwa mtanivumilia.

Marehemu Profesa Emerensiana Lyamba alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapa Kasansa, wakati ule Wilaya ya Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Tabora, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Maximilian Lyamba, aliyekuwa katekista na mkulima wa mpunga, na mama yetu Angela, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki.

Alisoma Shule ya Msingi hapa Kasansa kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akachaguliwa kwenda sekondari ya masista huko Karema, mwaka 1978 hadi 1981, na huko ndiko alikoliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza, likamteka akili, ikawa kila Jumamosi anashuka ufukweni na daftari, anawauliza wavuvi jina la kila samaki aliyemo kwenye mtumbwi, mpaka wakamzoea na kumwita Sista Kuhe, kwa jina la samaki yule mkubwa. Kidato cha tano na cha sita alisoma Tabora, akamaliza mwaka 1984, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea elimu ya wanyama, akahitimu mwaka 1988, na mwaka uliofuata aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Nyanda za Ziwa kama mhadhiri msaidizi. Shahada ya uzamili aliipata mwaka 1991 na ya uzamivu mwaka 2000, zote mbili juu ya samaki wa miambani, wale wadogo wanaofanana hata mvuvi huwachanganya, lakini yeye aliweza kuwatenganisha kwa kuangalia taya tu.

Tarehe 28 Desemba 1991 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Wiliam Nsokolo, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Agape aliyezaliwa mwaka 1993 na Providence aliyezaliwa mwaka 1996.

Kufikia mwaka 2008 dada yetu alikuwa mhadhiri mwandamizi, ameandika makala thelathini na moja, na kilichobaki kilikuwa ngazi moja tu afike kwenye uprofesa, na hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, na naomba nipaeleze kwa kirefu kwa sababu mwenyewe alitaka hivyo. Mwezi wa tano mwaka huo alikuja likizo, akakuta majaruba ya mama yote yamekuwa ya njano, mpunga umedumaa na haujatoa kitu, kwa ugonjwa ule tunaouita kimyanga, na jirani yetu mama Emelyne alikuwa amekwisha kufunga mizigo ahame na wanawe. Mama alimshika mkono akamwingiza shambani, akamuuliza, "Wewe si daktari wa vitu vyenye uhai? Huu mpunga unakufa, una uhai au hauna?" Dada akajibu, "Mama, mimi ni daktari wa samaki," na mama akamwambia, "Sawa mwanangu, tuletee hao samaki, tutawala bila wali."

Aliondoka na neno lile. Mwaka 2009, akiwa na miaka arobaini na sita, aliandika barua chuoni kuomba ahamie kwenye utafiti wa magonjwa ya mpunga, na mkuu wa kitivo alimwita ofisini akamwambia kwa upole, "Dada Emerensiana, umefika mlangoni pa uprofesa, unarudije chekechea?" Kamati ilipokaa iliamua kwamba makala zake za samaki hazihesabiki upande wa mimea, na upande wa mimea hakuwa na hata moja, hivyo abaki na cheo chake kule alikozoea, au ahame na kushuka kuwa mhadhiri wa kawaida. Akasaini kushuka, na cheo chake kikabadilishwa kwenye kibao cha mlango wiki ileile.

Akaanza kukaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa, wengine aliwahi kuwafundisha mwenyewe mwaka wa kwanza, akisoma habari za virusi na vinasaba, na mtihani wa kwanza alipata alama thelathini na nane kati ya mia, yaani sapu, kama wanavyosema wanafunzi, na matokeo yalibandikwa ubaoni pamoja na jina lake. Siku hiyo alinipigia simu akilia, akasema, "Didace, nimefeli. Mimi, nimefeli," na mimi, nakiri mbele yenu na mbele ya jeneza lake, nilimwambia arudi kwa samaki wake, aache kujiaibisha na kutuaibisha, akasema, "Haya, mdogo wangu, nimekusikia," akakata simu, akarudia mtihani ule akapata sabini na moja. Kwa mwaka mzima hakunipigia tena, na kosa lilikuwa langu.

Aliomba fedha za utafiti mara nne, mwaka 2010 hadi 2013, mara zote nne akakataliwa, na barua mojawapo ilisema wazi kwamba mwombaji ni mtaalamu wa samaki na haijulikani anatafuta nini shambani. Makala yake ya kwanza ya mpunga ilirudishwa na majarida matano. Katika miaka hiyo Shemeji Wiliam ndiye aliyepika, aliyewafulia watoto na aliyewapeleka shule, na watu walipomcheka alijibu, "Mke wangu anasoma, nyie mnasoma nini?"

Alipokosa fedha, alikuja na miguu yake. Kila likizo alishuka Mpanda, akapanda pikipiki hadi huku, akatembea jaruba kwa jaruba katika Mpimbwe nzima, amekunja suruali mpaka magotini, akikagua shina moja moja. Mwezi wa nne mwaka 2014, kwenye shamba lilelile ambalo mama Emelyne alilitelekeza, ambako mpunga uliendelea kujiotea, kando ya mfereji, aliona mashina saba ya kijani katikati ya njano, na ni lazima niseme kwamba wataalamu wengine walikuwa wamepita pale kabla yake, wakaona shamba lililokufa tu, lakini jicho lililozoea kutenganisha samaki wanaofanana ndilo lililoona kwamba mashina yale hayakuwa sawa na wenzake. Aliyazungushia miba, akalala kwangu siku kumi na tisa akiyalinda dhidi ya ng'ombe na ndege, akaondoka na mbegu ndani ya bahasha ya barua.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya miaka, kuchanganya mbegu ile na mpunga wetu wenye harufu, kupanda, kutupa, kupanda tena, na mwaka 2016 alijiunga naye Zuhra Abdillah, binti wa mfanyabiashara wa pale Mpanda mjini, aliyekuwa amesomea hesabu na kuambiwa kila alikokwenda kwamba shambani hakuna hesabu, dada akampokea, akamwambia, "Karibu, hapa sote ni wageni." Leo ni Dokta Zuhra, na hesabu zake ndizo zilizoonyesha ni mbegu ipi ibaki na ipi itupwe.

Mwaka 2020 mpunga ule ulipandwa kwa majaribio katika mashamba arobaini, Kasansa hadi Kakese, kimyanga kikaja kama kawaida yake, mashamba ya jirani yakawa ya njano, yale arobaini yakasimama kijani mpaka yakainamisha masuke, watu wakaja kwa baiskeli kutazama, na mama yetu, akiwa na miaka themanini na miwili, alikula sahani mbili, akanawa, akasema, "Sasa wewe ni daktari." Mbegu iliidhinishwa mwaka 2021, kwenye karatasi ina namba ndefu, ila wakulima wenyewe waliipa jina la Kaidi, na mama Emelyne amerudi, analima palepale. Makala iliyokataliwa na majarida matano sasa inafundishwa darasani, na tarehe 4 Novemba 2022 Chuo kilimpandisha kuwa profesa, wa mimea, akiwa na miaka hamsini na tisa, na mkuu wa kitivo yule, ambaye sasa amestaafu, alisimama ukumbini akasema, "Mimi ndiye niliyemwita mtoto wa chekechea," ukumbi mzima ukapiga makofi, na dada akamkumbatia.

Mwezi wa kumi mwaka 2024 alianza kuumwa, ikagundulika ni saratani ya kongosho, akatibiwa Dar es Salaam, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Kitandani alikuwa akisoma kitabu cha mwaka wa kwanza kuhusu udongo, na Providence alipomuuliza anasoma udongo wa nini, alijibu, "Sijui bado, ndiyo maana nasoma." Alifariki Alhamisi tarehe 22 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na miwili, ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, Chuo kilichotuletea wafanyakazi basi zima, wanajumuiya, akina mama mliopika tangu juzi, na nyie majirani mlioacha mavuno mkaja kulia nasi. Marehemu aliagiza asikaliwe matanga marefu, Jumatatu kila mtu awe shambani kwake, kwa kuwa mpunga umeiva na hausubiri mtu. Tutafanya hivyo, dada. Lala kwa amani.