Hundi ya Karo

Kadeti Odalys alimgeukia mstaafu wa jeshi aliyeketi naye kwenye treni. Safarini watu humweleza mgeni siri wanayomficha mama.

"Mzee, wastaafu wa mjini kwetu walinipa hundi ya karo."

"Karo gani? Chuo chenu cha jeshi si bure?"

"Ni bure. Zile hela nikaezekea nyumba ya mama."

Mzee akaguna. "Na sisi wastaafu tunakaanga na kuuza chapati za maji kila Jumapili tuchangishe karo kama hiyo."

"Leo afisa wa chuo ataniuliza hundi niliitumiaje. Nikisema kweli, nafukuzwa."

"Sema ulinunua vitabu, binti."

"Kiapo chetu kinakataza uongo. Nikidanganya akaniamini, nitabaki chuoni, na hilo linanitisha zaidi."

Treni ikasimama kituo cha chuo, milango ikafunguka. Odalys alikuwa bado amekaa.