Daktari Hedwiga na Lugha Isiyotaka Umbea

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha isimu katika chuo chetu hapa Johannesburg, Daktari Hedwiga Radebe anastaafu tarehe 30 Novemba. Umbea wa idara unatarajiwa kurejea kazini kesho yake.

Daktari ni mzaliwa wa Bukoba. Mumewe, Sidney, alikutana naye Morogoro alipokuwa uhamishoni na wapigania uhuru wenzake wa Afrika Kusini. Sidney alikuwa mchanga mno katika Kiswahili alipoamua kumposa. Alitaka kusema waoane, akasema, "Hedwiga, nataka tuoze pamoja." Hedwiga alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakubali. Walihamia huku mwaka 1993, na kwa kuwatazama, hakuna aliyeoza.

Tulidhani angefundisha Kiswahili. Kumbe moyo wake ulikuwa kwenye Kitariana, lugha ya wenyeji wa mto Vaupés, katika misitu ya Amazoni nchini Brazili. Wasemaji wake wamebaki wachache kiasi kwamba wangeingia wote katika ukumbi wetu mmoja wa mihadhara, na viti vikabaki. Kwa desturi yao, huoi mtu wa lugha yako. Huyo ni kama dada yako. Daktari alilieleza hilo katika kila harusi ya wafanyakazi, na maharusi wa kabila moja walijifunza mapema kutomwalika.

Kilichomteka zaidi ni kitenzi. Katika Kitariana huwezi kusema tu kwamba Adamu amekula maandazi. Kitenzi lazima kionyeshe umejuaje: umemwona akila, umemsikia akitafuna, umekuta sukari kwenye shati lake, unaijua tabia yake, au umeambiwa. Ukiacha kuonyesha, umekosea sarufi. Adamu, katibu muhtasi wetu, amelalamikia mfano huo mara nyingi, huku akijifuta mdomo.

Alipokuwa mkuu wa idara, Daktari alileta sheria hiyo vikaoni. Kila aliyetoa taarifa alitakiwa kueleza ameijuaje. Vikao vya saa tatu vikawa vya nusu saa, maana taarifa zetu nyingi zilikuwa za kuambiwa.

Tulicheka, mpaka Jumamosi ile mtaani Berea, alikokuwa akiishi zamani. Mtoto mmoja wa mtaani alikuwa haonekani, na kundi la watu likajaa mlangoni kwa jirani yake Célestine, fundi cherehani kutoka Bukavu, likidai amemficha. Wengine walishika marungu. Daktari alishuka ngazi na aproni yake, mwiko mkononi, akasimama mbele ya mlango. Akamuuliza wa kwanza, kwa Kizulu chenye lafudhi ya Bukoba, "Wewe umemwona?"

"Hapana, Mama. Yule ndiye kaniambia."

Akamfuata yule. Naye kaambiwa na mwenzake. Aliendelea hivyo, mtu kwa mtu, na wa mwisho akamwonyesha kidole wa kwanza. Wakiwa bado wanatazamana, mtoto akatokea akitoka spaza, kile kiduka cha mtaani, anakula chipsi. "Eish," akasema mwenye rungu kubwa kuliko wote. Kisha akamuuliza Célestine kama anabadilisha zipu.

Kazi moja tu ilimlemea. Asubuhi moja alikuja ofisini. Alimwambia Murielle, mwalimu mwenzetu kutoka Bujumbura, kwamba amemwomba mjukuu wake Lerato ampe sufuria, na mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba hajui sufuria ni nini. "Nahangaikia lugha ya watu ng'ambo ya bahari," alisema, "na yangu inafia jikoni kwangu."

Tangu hapo, kila Jumamosi nyumbani kwake Rosettenville, chapati huombwa kwa Kiswahili tu. Majuma ya kwanza wajukuu walinuna, wakanunua mkate. Daktari akazidisha hotuba. Mwezi uliopita, katikati ya maelezo marefu kuhusu ngeli, Lerato alilipuka: "Bibi, maneno yamezidi! Chapati yangu inapoa!"

Sentensi kamili, sarufi safi, adabu hakuna. Daktari alitupigia simu idara nzima, mmoja mmoja, akilia kwa furaha.

Asante, Daktari, kwa yote uliyotufunza. Mungu akujalie afya, unga usioisha, na wajukuu wabishi kwa Kiswahili.