Mzee Libère, Aliyetaka Tuseme Mtu Amefanya Nini

Padri, wazee wetu, majirani wa Base Camp na ninyi mliotoka Oruchinga na Nyamitanga, mimi ni Venuste, kitinda mimba wa marehemu, niliyeacha shule darasa la sita na bado nasoma kuwashinda wote waliogombea karatasi hii, na kabla sijaanza mjue kwamba baba yetu, Papa kama tulivyomwita, mwenyewe alinikataza nisimwite shujaa, wala nguzo, wala jina lolote la kumpamba, aliniagiza niseme alichofanya tu.

Mzee Libère Bigirindavyi alizaliwa tarehe 12 Machi 1954, Makamba, Burundi, akasoma shule ya msingi hapo hapo na kuanza sekondari, hadi Mei 1972, baba yake alipoitwa adui wa nchi na kuchukuliwa, na Papa alirudia mpaka uzeeni kwamba siku ile hakuna hata mmoja aliyeuliza, adui kwa kufanya nini. Alikimbilia Tanzania, akalima tumbaku Ulyankulu, na tarehe 8 Agosti 1981 akafunga ndoa na mama yetu Ancilla, wakajaliwa Rénovat mwaka 1983, Inès mwaka 1988, na mwaka 2001 Mungu akaona kazi bado haijakamilika, nikaja mimi.

Walirudi Makamba mwaka 2008, wakakimbia tena 2015 na kufika hapa Uganda, kambi ya Nakivale, ambapo Papa alilima maharage na kufungua kibanda cha kuchaji simu, na Rénovat na Inès walipopelekwa Amerika mwaka 2018, siasa za kule zikawa habari za nyumbani kwetu. Sheria ya kibanda mnaijua, ukimwita mwanasiasa wa Amerika msoshalisti, fashisti au liberali, useme huyo mtu amefanya nini au anataka nini, ukishindwa simu yako inachomolewa. Mimi nilichomolewa nikiwa na asilimia nne, mbele ya wasichana, na Mzee Adolphe wa Uvira, ninayemwona anacheka pale nyuma, alichomolewa mara tatu kwa wiki moja, kwa sababu alisoma kwa Kifaransa kwamba liberali ni yule anayetaka serikali iwaache wafanyabiashara, kumbe Amerika wanamwita hivyo anayetaka serikali isaidie watu, na Papa akasema neno linalogeuka hivyo njiani halifai kumhukumu mtu.

Lakini mwaka 2024 neno liliingia nyumbani. Inès aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba anataka serikali iwalipie matibabu wenzake wa kiwanda cha nyama, Rénovat akamwita mkomunisti mbele ya mashangazi wote, naye Inès akamwita kaka yake fashisti kwa sababu anataka kodi ipunguzwe na mpaka ubanwe, na kuanzia hapo hawakusemezana mwaka mzima, na Papa akaanza kuacha chakula kwenye sahani.

Septemba 2025 figo zilimshinda, tukampeleka hospitali Mbarara, na tarehe 2 Novemba akaniambia niwapigie wote wawili pamoja, nikashika simu, akamuuliza Inès kaka yake ni mtu gani. Inès akajibu, "Ni yule aliyenibeba mgongoni nikiwa mgonjwa tukivuka mpaka 2015, sasa anataka kodi ipungue amalize nyumba yake, na mimi naona anakosea." Rénovat naye akasema dada yake analipia dawa za mwenzake mgonjwa kwa mshahara wake mwenyewe, na bado haoni kwa nini serikali iingie.

Papa akasema, "Sasa gombaneni."

Waligombana dakika arobaini, kodi na matibabu, hakuna jina hata moja, muuguzi akaomba tupunguze sauti, na Papa amefumba macho anatabasamu, na mimi, mwenye maneno mengi kuliko redio, kazi yangu ikawa kushika simu tu, na mpaka leo sijui mtu anapata wapi nguvu ya namna ile akiwa amelala kitandani. Alifariki tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbarara, Mama Pélagie aliyetupikia wiki sita, wafanyabiashara wenzake wa soko, na Rénovat na Inès, wanaotusikiliza kwenye simu aliyoishika jirani yetu Gaju, ambao jana walibishana tena, na leo asubuhi wakapigiana simu.

Pumzika kwa amani, Papa, uliyechaji simu za watu na kuwauliza swali moja.